Jino la Masunga

Saa moja na nusu, kabla daktari hajafika,
navaa glavu nene, buti, aproni,
kisha nakagua ndoo kama mama anayehesabu wanawe gizani:
nyekundu, njano, nyeusi.
Sanduku la sindano liko ukutani.
Likijaa robo tatu nalifunga. Robo tatu, si zaidi;
robo iliyobaki ni nafasi ya vidole vyangu.

Kabla yangu alikuwepo Kabula.
Mtu alitupa sindano ya ganzi kwenye mfuko mweusi,
pamoja na maganda ya ndizi na risiti.
Kabula akaukumbatia mfuko, kama tunavyobeba sote,
ikamwingia ubavuni.
Siku ishirini na nane za vidonge.
Alipona, au tuseme hakuugua,
ila hakurudi. Sasa anauza vitenge Makoroboi.
Nikipita huuliza jambo moja tu:
"Bado wanachanganya?"

Jana akaja Masunga, mchimbaji, kutoka Nyarugusu,
shavu limevimba kama ameficha limau.
Gego la chini, lilizibwa kwa fedha miaka mingi,
limepasuka katikati.
Daktari Nyangeta akaling'oa na mizizi yake yote miwili.
Nikiwa nafuta beseni akanyoosha mkono.
Shashi ameiuma, hawezi kusema.
Akajipiga kifuani: langu.

Wengi hutaka yao.
Wiki iliyopita nilimsafishia Minza, wa darasa la pili,
kijino cheupe kisicho na deni,
nikakifunga kwenye karatasi
akakirushe juu ya bati la kwao Igogo.
Lakini hili lina kitu ndani.
Haliendi nyumbani, wala kwenye ndoo nyekundu,
maana nyekundu huishia kwenye tanuri,
na zebaki ukiichoma haifi,
huota mabawa.

Nikamwambia hivyo. Akacheka kwa pua.
Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya cheti:
*Mimi naichoma kila Jumamosi. Kwenye kikaango.*
Akafikiri. Akaongeza, kwa herufi ndogo:
*Mke wangu hukaa karibu na moto.*

Hakuna aliyesema kitu.
Mashine ya kunyonya mate ilikuwa inakoroma.
Nikashusha chupa, zamani ilikuwa ya siagi ya karanga,
kifuniko chake kinakaza,
nikalidondosha jino ndani, ti.
Nikaandika tarehe. Akainama kuisoma
kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo.

Husemwa, ukitupa jongoo tupa na mti wake.
Sawa. Ila hatukuambiwa tutupe wapi.
Mvua ikinyesha, Mirongo huchukua kila tulichokitupa huko:
malapa, nepi, manyoya ya kuku,
hupita katikati ya mji kama mgeni asiyebisha hodi,
humwaga yote ziwani.
Na ziwa halina huko kwingine.
Sato anapumua humohumo.
Nami nampenda sato, wa kuchemsha, na ndimu,
kichwa namla mimi.

Chupa hii ni ya tatu.
Barua ya kuomba zije kuchukuliwa ina miezi kumi na moja.
Hawajajibu. Siwalaumu sana;
pengine nao wanatafuta huko.

Jioni nikiwa napiga deki Masunga alirudi.
Shashi ameitema, mdomo bado mzito upande mmoja.
Nilidhani anadai jino.
"Akae mbali kiasi gani?"
"Nani?"
"Mke wangu."
Daktari alikuwa ameshaondoka.
Mimi nimesomea ndoo, sikusomea moshi.
"Usichome nyumbani," nikasema. "Na yeye akae mbali."
"Mbali kama wapi?"
Nikanyoosha mkono kumwonyesha.
Ukaishia ukutani, kwenye rafu ya chupa.